Kumtia Moyo Mwenzio kwa Neno la Kweli

Ndugu wasomaji, kazi yetu ni kuwasomesha watoto Qur'ani hapa Tukuyu, na umri wetu umekwisha kupita miaka hamsini. Chuoni tunaye mwenzetu kijana, mzaliwa wa hapa hapa Rungwe, ambaye huwafundisha wadogo wanaoanza alifu na bee.

Mwaka jana, siku ya Maulidi, wanafunzi wake walisimama kusoma mbele ya wazee na wageni. Wa kwanza akasahau, wa pili akacheka, wa tatu akalia. Mzee mmoja akasema, watu wote wakisikia, kwamba asiyejua hawezi kumjulisha mwingine. Mwenzetu akainamisha kichwa. Nasi tulioketi karibu naye, tulioijua kazi yake kuliko mtu mwingine ye yote, tukanyamaza. Hilo ni kosa letu, na twalikiri.

Tangu siku ile akawa mtu mwingine. Alikuja akichelewa, akafundisha kwa sauti ya chini, na mtoto alipokosea alimwita mwalimu mwingine amsahihishe. Mwisho akatuambia kwamba ataacha kusomesha, akachume chai pamoja na ndugu zake. Kuchuma chai si aibu, kwani ni riziki ya halali. Lakini yeye hakuwa akiifuata chai, bali alikuwa akiikimbia fedheha.

Kwanza tulimjibu kama wajibuvyo wengi: "Usijali, ustadhi, wewe ni mwalimu hodari sana." Akatabasamu tu, wala hakutusadiki.

Ndipo tulipokumbuka Mtume wetu (S.A.W.) aliporudi kutoka pango la Hira, mwaka 610, akitetemeka na kuikhofia nafsi yake. Bibi Khadija (R.A.) hakumpa sifa tupu. Alimhesabia matendo yake mwenyewe: jinsi alivyowaunga jamaa, alivyowasaidia wanyonge, na alivyowakirimu wageni. Kisha akampeleka kwa Waraqa bin Naufal, mtu mwenye elimu.

Basi siku moja baada ya Alasiri, mvua ikinyesha, tuliketi na mwenzetu tukafungua daftari la mahudhurio. Tukamwonyesha jina la binti aliyekuja bila kuijua hata herufi moja, ambaye sasa humsomea Yasin bibi yake asiyeona. Tukamwonyesha majina ya wale ambao ndimi zao zilikataa kutamka aini na ghaini, na leo hawakosei. Wala hatukumficha ila yake: wanafunzi wake hawakuzoezwa kusoma mbele ya watu. Tukakubaliana kwamba kila Alhamisi wasome mbele ya wazazi. Mwisho tukamwomba radhi kwa kunyamaza kwetu, na Ijumaa iliyofuata tukamweleza yule mzee, mbele ya waliomsikia, yale tuliyopaswa kuyasema siku ile.

Hapa kwetu mvua ikikaza, Mlima Rungwe hufichwa na ukungu hata siku kadha wa kadha, lakini hakuna asemaye kwamba mlima umehama. Aliyevunjika moyo haioni tena kazi yake mwenyewe; ni juu yetu sisi tunaoiona kumwonyesha.

Maulidi ya mwaka huu mtoto mmoja alisahau tena. Mwalimu wake akamkumbusha neno moja tu, kwa sauti iliyosikika, naye akasoma mpaka mwisho.

Enyi vijana, na ninyi wazazi, mtazameni mwenzenu wa kazi kabla hajaondoka. Wabillahi taufiki.