Malaria Haijali Kama Unaskia Poa

Wasee, leo hakuna kichekesho. Leo naungama.

Juzi hapa Luanda Kotieno nilipimwa, malaria. Nikapewa AL, tembe 24: nne asubuhi, nne jioni, siku tatu. Siku ya tatu nikaamka fiti kabisa. Nikapiga ugali na omena, nikashuka ufuoni kushuti feri ikitoka kwenda Mbita. Tembe nane zilizobaki nikaficha kwa droo, eti akiba.

Wiki mbili baadaye niko chini tena, natetemeka ndani ya blanketi mbili. Dani alifungua droo, akaziona, akaniuliza polepole, "Nyakwara, hizi ulikuwa unamwekea nani?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma.

Seli yako ikigawanyika, inanakili kromosomu zake 46, utando wa kiini unafunguka, nakala zinavutwa pande mbili, unapata seli mbili. Basi. Kimelea cha falsiparamu kina kromosomu 14 tu, lakini kina njia yake. Kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu, kinanakili na kuzivuta kromosomu huku utando wa kiini umefungwa. Kiini kimoja kinakuwa viwili, halafu kila kimoja kinaendelea kwa mwendo wake, hakingoji mwenzake. Mwili haukatwi mpaka mwisho. Hapo ndipo vitoto kama 20 vinatoka pamoja, chembe inapasuka, na wewe unaskia homa. Yote ndani ya saa 48 hivi.

Sasa piga hesabu. Kimebaki kimoja: siku mbili, 20. Siku nne, 400. Siku sita, 8,000. Sawa, vingi vitakufa njiani, lakini umenielewa.

Ndiyo maana AL ni dawa mbili. Artemetha inafyeka vingi haraka, kisha inatoka mwilini kwa saa chache. Lumefantrini inakaa siku kadhaa kumalizia vilivyobaki. Mimi niliikatia hiyo njiani.

Labda nilipata malaria mpya, mbu hapa si wachache. Lakini siwezi kuapa. Na kwetu kuna mtoto wa miaka miwili. Mbu akininyonya mimi, kila kimelea cha kiume kinajigawa kuwa vinane tumboni mwake kwa kama dakika 15, na siku kadhaa baadaye anaweza kumpelekea yule mtoto. Hakuugua. Hiyo ni bahati, si akili yangu.

Kuskia poa si kipimo, wasee. Maliza dozi. Safari hii nilimeza zote 24, Dani akihesabu.