Usifute kabla mwenzako hajasoma

Leo nataka kuwaambia kosa nililolifanya hapa Bwera, ili nyinyi musilirudie.

Kikundi chetu kina kompyuta moja inayotunza majina ya waliojiandikisha kupata msaada. Inatumia MySQL. Kompyuta ya pili iko Kasese, inashika orodha ileile. Kila jina tunaloandika huku linaingia pia katika faili zinazoitwa binlogi, na ile ya Kasese inazisoma kwa mfuatano, kama mtu anayenakili daftari la mwenzake.

Siku moja diski ikajaa. Kuangalia, kumbe ni binlogi. Nikaandika RESET MASTER. Nafasi ikapatikana, nikafurahi. Sikujua kwamba Kasese intaneti ilikuwa imekatika tangu siku mbili. Amri ile inafuta binlogi zote na kuanza kuhesabu upya kutoka 000001. Intaneti iliporudi, Kasese ikaomba faili ya 47, pale ilipoishia. Haiko! Ikatoa kosa 1236, ikasimama.

Ijumaa mama mmoja aliyevuka Mpondwe akaenda Kasese kuchukua blanketi. Wakamwambia jina lake haliko. Akanipigia: "Mwanangu, si weye uliniandika?" Nilikosa jibu.

Jina lake lilikuwa bado Bwera. Lakini kama ningeiambia Kasese ianze tu na faili mpya, ingeruka zile siku mbili kimya kimya. Ilibidi nitoe kopi ya orodha nzima, nipande taksi na flashi mpaka Kasese, niipakie, halafu usomaji uendelee kutoka pale kopi ilipotolewa. Mama alipata blanketi Jumatatu. Siku tatu alilala na baridi juu ya amri yangu moja.

Sasa ninafanya hivi. Kwanza SHOW REPLICA STATUS kule Kasese, nione imefika faili gani. Kisha huku Bwera PURGE BINARY LOGS TO, nikitaja faili hiyo: zinafutwa za nyuma yake tu. MySQL 8.0 yenyewe hufuta zilizopita siku 30. Diski ikiwa ndogo, punguza siku, ila zisiwe chache kuliko siku ambazo intaneti yenu inaweza kukatika.

Na weye unayeshika orodha za watu: kabla ya kufuta, uliza kwanza upande wa pili umesoma mpaka wapi.