Wembe Uliotufikia Bila Kishikio

Wanyambo wa Karagwe hawakuwahi kukosa makali. Karagwe ilikuwa nchi ya wahunzi zamani sana. Katika ikulu ya Bweranyange, vyombo vya chuma vilikuwa sehemu ya hazina ya ufalme wa Rumanyika, yule mfalme aliyewapokea wapelelezi Speke na Grant mwaka 1861, na upande wa pili, Buhaya, wataalamu wa mambo ya kale wameonyesha kwamba chuma kiliyeyushwa huko yapata miaka 2,000 iliyopita. Kisu cha kunyolea kilinolewa kwenye jiwe, na aliyekishika alikuwa mtu ambaye mkono wake ulishazoea: ndiye aliyeitwa kunyoa nywele za msiba na ndevu za mzee. Kwa hiyo tukisimulia jinsi unyoaji ulivyobadilika katika wilaya hii na jirani yake Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, tusianze na watu waliokuwa wanasubiri kuletewa kitu kikali. Kilichobadilika ni kwamba makali yalizidi kuwa rahisi kupatikana, na ujuzi wa kuyatumia ukabaki nyuma.

King Camp Gillette wa Marekani alipopewa hataza yake mwaka 1904, alichobuni hakikuwa bati jembamba lenye makali pande mbili peke yake. Alibuni pia kishikio kinacholibana bati hilo na kulikunja kidogo, ili sehemu ndogo tu ya ukingo itokeze na mdomo wa chuma uizuie isizame kwenye ngozi. Usalama wote ulikuwa humo, kwenye kishikio. Vijijini kwetu kilichozoeleka ni wembe peke yake, wa kununua mmoja mmoja kwa bei ambayo hata mtoto anaimudu. Ukawa chombo cha kila kazi: kuchonga penseli shuleni, kukata uzi, kukata kucha, na kunyolea, ukishikwa kwa vidole viwili au ukivunjwa katikati na kinyozi. Tulipokea nusu ya uvumbuzi, na nusu yenyewe ni ile inayokata.

Kisha ukaja ukimwi. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa Tanzania walitoka mkoa huu wa Kagera, mwaka 1983, na elimu iliyofuata ilionya kuhusu nyembe pamoja na sindano. Kuna anayeweza kusema kwamba onyo hilo lilikuzwa, maana virusi vya ukimwi vilienea zaidi kwa kujamiiana. Ni kweli, lakini onyo lilikuwa sahihi kwa sababu nyingine pia: virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, tena kwenye damu usiyoiona. Desturi ya familia nzima kunyolewa kwa wembe mmoja baada ya msiba ilistahili kuachwa. Hata hivyo, somo lilihusu wembe ni wa nani, halikugusa namna ya kuutumia. Mtu akajifunza kuja na wake mpya, akaendelea kuukwangua shingoni kwa maji baridi ya asubuhi ya Karagwe, bila sabuni, kutoka chini kwenda juu.

Matokeo yako wazi kwenye shingo na mashavu ya wanaume wengi: vipele vigumu, vingine vyenye usaha, vingine vikiacha makovu meusi. Nywele za kujikunja zikikatwa karibu mno hubaki na ncha kali iliyochongoka, na ncha hiyo ikiendelea kukua hujipinda na kurudi kuichoma ngozi. Ukivuta ngozi unaponyoa, au ukinyoa kinyume na uelekeo wa nywele, ncha huzama chini ya ngozi kabla haijatoka. Hapo ndipo mbinu inapofanya kazi ambayo makali hayawezi. Nywele iliyolowa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili tatu hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo, na povu zito la sabuni huufanya wembe uteleze. Kishikio kiinamishwe hadi makali yaikute ngozi kwa kiasi cha nyuzi 30, uzito wake wenyewe utoshe, mkono usikandamize. Mapigo yawe mafupi. Shingoni nywele hubadilisha mwelekeo, zikishuka upande mmoja na kulala kando upande wa pili, hivyo vidole vitangulie kupapasa kabla ya wembe. Na mwenye vipele asitafute ulaini wa shavu la mtoto. Aache kijinywele kidogo kibaki.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wenye nafasi. Maji ya moto ya kuoga yako tayari kwenye nyumba nyingi, na sabuni ile ile inatoa povu. Kinachokosekana ni dakika tano. Wengine watasema nywele zetu ndivyo zilivyoumbwa. Ndiyo, lakini umbo la nywele halimlazimishi mtu kuzikata chini ya ngozi. Wa tatu watasifu vinyoleo vya kisasa vyenye makali matatu au manne: hivyo ndivyo vya kuogopa zaidi kwa mwenye vipele, kwani makali ya kwanza huinua nywele na yanayofuata huikata ndani zaidi. Mashine ya umeme ya saluni ina hoja nzuri kuliko hizo zote, kwa kuwa huacha nywele fupi juu ya ngozi, ila kinyozi akimaliza kwa wembe mkavu pembeni, faida hiyo imepotea.

Basi unayekwenda gulioni Nkwenda au Omurushaka, kabla ya kununua nyembe nyingine, ulizia kishikio.