Peku: Nyayo Zetu Baina ya Tope la Delta na Mchanga wa Kibiti

Ukimwomba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akueleze maana ya neno peku, atakujibu kwa kukanusha: ni kwenda bila viatu. Jibu hilo ni sahihi, ila lina kasoro ambayo mtunga kamusi ataiona mara moja. Linakifanya kiatu kuwa ndicho kitu cha asili, na mguu kuwa pengo linalobaki pale kiatu kinapokosekana. Neno lenyewe halina dalili yoyote ya ukanushi. Twasema peku, au pekupeku tukitaka kutia mkazo, na neno linajitosheleza. Kadhalika unyayo. Kiswahili hulitumia neno hilo hilo kwa upande wa chini wa mguu na kwa alama ambayo upande huo huiacha ardhini. Waliounganisha mambo hayo mawili katika neno moja walikuwa watu ambao ngozi yao iligusa ardhi, kwani mwenye kiatu huacha alama ya kiatu. (Viongozi wa Kenya waliowahimiza wananchi kufuata nyayo baada ya mwaka 1978 walikuwa wamevaa viatu vizuri sana, lakini hayo ni ya insha nyingine.)

Insha hii si ripoti ya utafiti, wala haina jedwali la kumwonyesha msomaji. Ni tafakuri ya mtu aliyepitisha utoto wake baina ya ardhi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni delta ya Mto Rufiji, ambako msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, ulio mkubwa kuliko yote nchini Tanzania, huzama na kuibuka mara mbili kila siku kwa kujaa na kupwa kwa maji. Ya pili ni Kibiti, mji wa nchi kavu kwenye njia ya kwendea Lindi na Mtwara, wenye minazi, mikorosho na mchanga mwingi. Zamani zote mbili zilikuwa chini ya Wilaya ya Rufiji. Leo Kibiti ni wilaya yenyewe, na sehemu kubwa ya delta imo ndani yake. Mipaka imebadilika, ila mguu wangu haujapata kuzichanganya ardhi hizo mbili.

Tope la mikoko halina hali moja. Juu lina uvuguvugu wa jua. Shubiri moja chini ni baridi, tena laini kama uji wa mchele. Mtoto wa delta hafundishwi kwa maneno namna ya kulipita. Hutanguliza vidole, akavipanua, kisha akashusha uzito polepole. Na akitaka kuung'oa mguu huanza na kisigino ili hewa ipenye, la sivyo tope humshika kama mdai. Mwenye viatu hapa hana hila: atatoka yeye, viatu vitabaki. Mahali penye maji ya magotini mguu haunyanyuliwi bali huburutwa, ili taa aliyejilaza chini ashtuke na kujiondokea kabla hajakanyagwa. Mguu huo huo hutambua tondo ndani ya tope kabla jicho halijamwona, na hujua kwamba mizizi ya mchu, iliyosimama wima kama penseli zilizochomekwa, hujipinda kidogo ikikanyagwa kwa pembeni, ilhali mizizi ya mkoko iliyogandwa na chaza haina msamaha. Na katika mtumbwi nani athubutu kuingia na viatu? Ubao uliolowa haushikiki ila kwa ngozi. Hata Nyamisati, bandari ya kwendea Mafia, kabla ya kujengwa gati la sasa, abiria wa kila cheo waliyaingia maji viatu vikiwa mkononi, na kwa dakika chache hapakuwa na njia ya kumtambua bwana mkubwa isipokuwa kwa weupe wa nyayo zake.

Raha zake ni vigumu kuzieleza kwa mtu asiyezionja. Sakafu ya saruji wakati wa adhuhuri, mtu akitoka juani. Umande wa alfajiri katika njia ya shambani. Mkeka wa ukindu, ambao mifumo yake nyayo huisoma moja baada ya nyingine wakati mazungumzo yakiendelea. Mchanga wa Kibiti baada ya mvua ya kwanza, ukiwa na ganda jembamba juu ambalo huvunjika kwa sauti ndogo kila hatua, kama kaukau.

Mchanga huo huo saa saba mchana ni jambo jingine. Tulikuwa tukikimbia kutoka kivuli cha mwembe hadi kivuli cha mkorosho, tukisimama hapo kwa mguu mmoja na kupumzisha wa pili, huku mbigili wakitungoja njiani. Delta nako hakukosi misiba yake. Siku moja, nikiwa na miaka kama kumi na mmoja, nilikanyaga kichwa cha hongwe ambacho mvuvi mmoja alikiacha pwani baada ya kupara samaki wake. Mwiba wa hongwe una sumu, na maumivu yake hupanda hadi kinenani. Mjomba alinitumbukiza mguu katika maji ya moto kadiri nilivyoweza kustahimili, dawa ambayo hata matabibu huiafiki, kwani joto huivunja nguvu sumu ya aina hiyo. Bibi yangu alikaa pembeni akinipepea. "Wahenga wamesema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," alisema. "Huu hukujidunga, mjukuu wangu. Basi pole, pole, na pole tena."

Bibi huyo ndiye aliyenifanya nilifikirie jambo hili kwa makini zaidi. Kijijini alikwenda peku siku zote. Tulipokwenda Kibiti alichukua makubazi yake ndani ya pakacha, akatembea nayo hivyo hivyo hadi nyumba za kwanza za mji zilipoonekana. Hapo aliomba maji kwa watu, akanawa miguu, akayavaa, akajitengeneza kanga, ndipo akaingia mjini. Wakati wa kurudi aliyavua mahali pale pale. Nilimwuliza kwa nini asiyavae njia nzima. Akanijibu: "Viatu ni vya watu. Miguu ni yangu."

Kwa miaka mingi niliyachukua maneno hayo kuwa ni mzaha wa mtu anayebana matumizi. Baadaye, niliposoma historia ya pwani yetu, niliyaona kwa uzito wake. Unguja ya karne ya 19, na katika miji mingi ya Waswahili, mtumwa alitambulikana kwa kichwa kitupu na miguu mitupu. Kofia, ushungi na kiatu vilikuwa alama za muungwana. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo watu waliokuwa watumwa walijinunulia ni mavazi waliyokuwa wamenyimwa. Na Rufiji haikuwa mbali na hayo. Mkataba wa mwaka 1873 ulipokataza kusafirisha watumwa kwa bahari, wafanyabiashara waliwapitisha nchi kavu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, na njia hiyo iliuvuka Mto Rufiji. Tope ninalolisifu hapa lilikanyagwa pia na nyayo ambazo hazikuchagua kulikanyaga. Kwa bibi, basi, kuingia mjini na makubazi kulikuwa ni kutoa hoja mbele za watu. Na kuyavua njiani kulikuwa ni kurudi kwake mwenyewe, mahali ambapo hapakuwa na hoja ya kutolewa.

Kwa sababu hiyo huwa nina shaka na sifa za jumla zinazomiminwa juu ya mguu mtupu. Siku hizi wako watu Ulaya na Marekani wanaovua viatu kwa hiari na kuuita mwendo huo tiba, na mara nyingi humtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda mbio za marathoni za Olimpiki huko Rome mwaka 1960 akiwa peku. Aghalabu husahau kwamba mwaka 1964, huko Tokyo, Bikila huyo huyo alishinda tena, safari hii akiwa na viatu. Raha ya kwenda peku, kwa kweli, ni ya mwenye viatu nyumbani. Asiye navyo hana raha hiyo. Ana miguu tu, na lolote lililomo ardhini litakuwa lake.

Na ardhini kuna mengi, tena si pale mtu anapoyatazamia. Mgeni wa delta hukunja uso kwa harufu ya tope la mikoko, akadhani hapo ndipo penye maradhi. Viluwiluwi vya safura, vinavyoingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya mguu, haviwezi kuishi katika chumvi; hupenda mchanga laini wenye unyevu na kivuli, yaani mahali safi kabisa kwa macho, nyuma ya nyumba, chini ya mwembe wanakochezea watoto. Kichocho nacho ni cha konokono wa maji baridi, kwa hiyo hukaa katika madimbwi na majaruba ya mpunga yasiyofikwa na bahari. Ama funza, ambaye tulimtoa vidoleni kwa pini na mafuta ya nazi tukidhani ni mwenzetu tangu enzi za Adamu, ni mhamiaji. Aliletwa Angola kwa jahazi kutoka Brazil mwaka 1872, akalivuka bara zima, na kufika mwambao wa Bahari ya Hindi mwishoni mwa miaka ya 1890. Babu wa babu zetu walitembea peku katika nchi ambayo haikuwa na funza. Mwendo ulikuwa ule ule, ila ardhi haikuwa ile ile.

Matende yana mkasa wa peke yake. Huenezwa na mbu, si na ardhi, na pwani yetu imeyajua kwa vizazi vingi. Mpango wa taifa wa kuyatokomeza ulianza kugawa dawa mwaka 2000 katika kisiwa jirani cha Mafia. Dawa huzuia maambukizi, lakini mguu uliokwisha kuvimba haurudi kama ulivyokuwa. Mguu huo hupasuka magaga, vijidudu huingia katika nyufa, na kila vinapoingia homa hupanda na uvimbe huzidi. Kwa hiyo huhitaji kuoshwa kwa sabuni kila siku na kufunikwa, kuliko mguu mwingine wowote. Na ndio mguu pekee ambao hakuna duka lenye kiatu chake.

Safari yangu ya mwisho Kibiti nilikaa kwa fundi mmoja wa katambuga karibu na soko, nikingoja gari. Akaja mama wa makamo kutoka upande wa delta, mguu wake wa kushoto ukiwa umevimba hadi goti. Fundi alimwamkia shikamoo, akamwekea kigoda, akatandika kipande cha boksi chini. "Kanyaga hapa, mama, ujiachie tu, usijibane." Akachukua chaki, akapiga magoti, akauzungusha unyayo wote taratibu, akiinua mkono kila alipokaribia penye kidonda. Kisha akauchora na wa kulia. Picha zile mbili, moja karibu mara mbili ya nyenzake, aliziweka juu ya tairi kuukuu la lori na kuanza kupima mahali pa kukata. Mama aliuliza kama itafika Ijumaa. Fundi alisema itafika Alhamisi, mikanda ataiacha mirefu, ili aje aifunge mwenyewe kwa kadiri mguu utakavyokuwa siku hiyo.