Timu ya Watu Wasio na Nchi

Nilipohamia Södertälje, karibu na Stockholm, mwaka 2004, mpira wa Sweden haukunihusu. Aliyenivuta uwanjani ni mzee mmoja tuliyekuwa naye zamu moja kiwandani, Mwashuru wa Midyat, kusini-mashariki mwa Uturuki. Wenzake wa mwanzo walifika mjini hapa mwaka 1967 wakitokea Lebanon, hawana uraia wa nchi yoyote. Mwaka 1974 ikazaliwa timu yao ya mpira, Assyriska.

Vuli ya 2004 Assyriska walifungwa na Örgryte kwenye mchujo wa kupanda Ligi Kuu, mzee akanuna, hasemi na mtu. Mara Örebro wakanyimwa leseni kwa matatizo ya fedha, nafasi ikawaangukia Assyriska. Mzee akaja kazini na sinia la baklava! Msimu wa 2005 hakuna timu nyingine ya wahamiaji iliyokuwa imewahi kufika pale. Jukwaani alitafuna mbegu za maboga mfululizo, maganda yamejaa mpaka juu ya viatu vyangu, na simu haimpi nafasi: ndugu wa Ujerumani na Marekani wanataka matokeo. Kwao ile ilikuwa timu ya taifa, basi. Ikashuka mwaka uleule.

Mji ulikuwa na timu nyingine, Syrianska, ya mwaka 1977. Watu ni walewale, lugha ileile. Wamegawanyika juu ya asili yao, wengine wakijiita Waashuru, wengine Waaramu. Sisi tuliokulia kwenye Simba na Yanga tunajua kutaniana baada ya mechi. Pale utani ulikuwa haba. Mzee alikuwa na shemeji yake asiyekanyaga kwake. Syrianska walipoanza kucheza Ligi Kuu mwaka 2011, nilimwomba twende wote kutazama. “Nenda wewe,” akanijibu, “wewe huna ukoo hapa.” Walidumu misimu mitatu.

Sasa timu zote mbili ziko madaraja ya chini na viti vitupu ni vingi. Watu husingizia fedha. Mimi naona vijana wamepata nchi. Kennedy Bakircioglu alianzia Assyriska akawa kipenzi cha Hammarby ya Stockholm, na watoto wakamfuata hukohuko. Mjukuu wa mzee ana jezi ya kijani ya Hammarby. Akija kumsalimia babu yake, huivulia mlangoni.