Madawati 40 ya Kwenye Karatasi

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo niliikariri nikiwa darasani, nikaijibu katika mtihani, na baadaye, nilipopata kazi ya uandishi, nimeitumia mara nyingi kuwaonya watu wengine. Leo nataka kukusimulia jinsi nilivyofunzwa upande wake wa pili, ambao methali yenyewe haikuutaja. Mali yenye daftari nayo hupotea, tena kwa saini iliyonyooka, ikiwa mtia saini hakuinuka kitini kwenda kutazama.

Mwaka 2019, wazazi wa shule ya msingi aliyoanza binti yangu, hapa Dar es Salaam, walinichagua kuwa mjumbe wa kamati ya shule. Sikuomba. Mzee mmoja alisimama akasema, "Huyu ni mwandishi, kalamu anaijua," watu wakapiga makofi, na shauri likaishia hapo. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu wa maana. Wiki chache baadaye niliwekwa pia katika kikundi cha watu watatu wa kukagua na kupokea vifaa vinavyonunuliwa kwa fedha za shule.

Kabla sijaendelea, yafaa tuelewane fedha hizo ni zipi, kwani wazazi wengi huzisikia kwa jina tu. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutumika Januari 2016, uliondoa ada na michango ya lazima katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Mahali pa michango hiyo pakawekwa ruzuku ya serikali kuu. Kwa shule ya msingi, kiwango kilikuwa Sh. 10,000/- kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, Sh. 4,000/- zilizuiwa kwa ajili ya vitabu, na Sh. 6,000/- zilipelekwa moja kwa moja katika akaunti ya shule, zisipitie tena mikononi mwa halmashauri kama zamani.

Sh. 6,000/- kwa mwaka ni Sh. 500/- kwa mwezi. Kwa mtoto mmoja, fedha hiyo haikutosha nauli ya daladala ya mtu mzima kwenda Kariakoo na kurudi. Lakini shule yetu ilikuwa na wanafunzi 1,140, na 500 mara 1,140 ni Sh. 570,000/- kila mwezi. Humo mlimo chaki, karatasi za mitihani, mpira wa michezo, kitasa cha mlango na matengenezo ya madawati. Ukiondoa shilingi moja mahali, ujue umeiondoa mbele ya mtoto fulani.

Fedha hiyo ina njia yake ya kupita, na njia hiyo si mbaya hata kidogo. Ikiingia benki huandikwa katika daftari la fedha. Kamati hukaa na kuamua matumizi, na katibu wake, ambaye ni Mwalimu Mkuu, huandika muhtasari. Malipo hufanywa kwa hati ya malipo iliyoambatanishwa na stakabadhi. Kifaa kikifika hukaguliwa na kuingizwa katika leja. Hatimaye taarifa ya mapato na matumizi husomwa kwa wazazi na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Tangu mwaka 2017 umekuwapo pia mfumo wa kompyuta, unaoitwa FFARS, wa kutunza hesabu za shule na zahanati. Mtu akikuambia kwamba hesabu za shule hazina utaratibu, mwambie hajauona.

Basi mwaka ule tuliweka akiba ya fungu la ukarabati kwa miezi minne, tukapata Sh. 600,000/-. Tukakubaliana na fundi seremala wa mtaani atengeneze madawati 40 mabovu, kila moja kwa Sh. 15,000/-. Fundi alikuja na mkokoteni, akayachukua kwa mafungu.

Jumamosi moja asubuhi, nikiwa mbioni kwenda kazini, nilikutana na mwalimu mtunza fedha langoni. Alikuwa na karatasi mkononi. Robo ya mwaka ilikuwa inafungwa, taarifa ilitakiwa, na wenzangu wawili walikwisha kutia saini. Juu ya karatasi palikuwa na maneno haya: tumekagua na kupokea madawati 40 yakiwa katika hali nzuri. Ningeweza kuingia ndani nikayahesabu. Madarasa yalikuwa hatua mia moja kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Niliiweka karatasi juu ya ukuta wa lango, nikaandika jina langu kwa mwandiko mzuri kabisa, nikakimbilia daladala.

Mkutano wa wazazi ulifanyika mwezi uliofuata, chini ya mwembe. Mwalimu Mkuu alisoma taarifa, nasi wajumbe tulikaa mbele kwenye viti, tukitikisa vichwa kwa kukubali. Alipofika kwenye ukarabati wa madawati 40, mama mmoja alinyoosha mkono. Ni mama ninayemfahamu, kwani kila asubuhi hununua vitumbua kwake. Akasema, "Ndugu Mwenyekiti, naomba kuelezwa. Mwanangu yuko darasa la tatu, na hadi jana amerudi na vumbi kwenye sare. Anakaa chini. Hayo madawati 40 yapo darasa gani, nikamwonyeshe?"

Watu wachache walicheka. Mwalimu Mkuu alijibu kwa upole kwamba madawati yamepokelewa na kukaguliwa, na akazitaja saini. Yule mama akanigeukia mimi. "Baba," akasema, "wewe si ndiye unayeandika habari za watu gazetini? Uliyahesabu?"

Ndugu msomaji, nimekwisha kuwauliza maswali wakurugenzi na wahandisi, na nimewaona wakifuta jasho. Siku ile niliijua ladha ya jasho hilo. Nilisema, "Hapana, mama. Sikuyahesabu."

Mkutano ulisimama kwa muda, tukaenda wote kuhesabu, wazazi na walimu na watoto waliokuwa wakichungulia madirishani. Yalikuwa 31. Yaliyopungua yalikuwa 9. Dawati moja hukaliwa na watoto watatu, kwa hiyo watoto 27 walikuwa wamepewa mahali pa kukaa katika karatasi yangu, huku wao wenyewe wakiwa sakafuni.

Pengine unasubiri nikutajie mwizi. Hatukumpata. Fundi alikuwa amelipwa fedha zote kabla ya kumaliza kazi, ili hesabu ya robo isibaki wazi. Bei ya mbao ilipanda, mtoto wake akaugua, na ile fedha ya madawati ya mwisho ikaenda hospitali. Alikiri mwenyewe mbele yetu. Madawati 6 aliyamaliza kwa muda wa wiki tatu. Mengine 3 yalikuwa yameoza mno, nasi watatu tulioweka saini tukachangishana kuyanunulia mbao, kila mmoja dawati lake. Sijisifu kwa hilo. Fedha niliyotoa ilikuwa deni.

Lakini fikiri jambo hili. Siku nilipotia saini, hesabu zetu zilikuwa safi. Daftari lilipatana na benki, hati ya malipo ilikuwa na stakabadhi, na jumla ya chini ilifanana na jumla ya juu. Mkaguzi angekuja akaishia ofisini, angetusifu. Kosa halikuwa katika hesabu. Lilikuwa katika zile hatua mia moja baina ya lango na darasa, ambazo hakuna aliyezitembea.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma jinsi watu wa mahali pengine wanavyotunza fedha ya namna hii. Nilianza na jirani zetu wa Uganda. Watafiti wawili, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walifuatilia ruzuku ya shule za msingi kwa miaka ya 1991 hadi 1995. Walilinganisha kiasi kilichotoka serikali kuu na kiasi kilichofika katika shule 250. Kwa wastani, shule zilipata shilingi 13 katika kila shilingi 100. Nyingine ziliishia njiani, hasa kwenye ngazi ya wilaya. Serikali ya nchi hiyo ikaanza kutangaza magazetini kila kiasi kilichopelekwa wilayani, na ikazitaka shule zibandike kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 zilikuwa zikifika zaidi ya 80 katika kila 100. Tena ilionekana kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali panapouzwa magazeti zilinufaika zaidi. Mimi niliye mtu wa gazeti nilifurahi kusoma hayo. Kisha nikakumbuka kwamba gazeti halikumfaa mtu mpaka mzazi aliposhika njia kwenda kumwuliza mwalimu.

Marekani, nchi tajiri yenye wahasibu tele, ilipitia shule hiyohiyo. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kupeleka fedha za serikali kuu katika wilaya za shule, sehemu kubwa ikiwa kwa ajili ya watoto wa maskini. Mwaka 1969 ripoti ya watetezi wa haki za raia ilionyesha kwamba wilaya nyingi zilizitumia kama fedha za kawaida tu, na watoto waliokusudiwa hawakuziona. Mwaka uliofuata sheria ikakazwa: fedha hizo ziongeze juu ya zile wilaya inazotoa yenyewe, zisichukue mahali pake. Leo wilaya ya shule huko yatakiwa kuonyesha kwa kumbukumbu kwamba mwalimu anayelipwa kwa ruzuku hiyo aliifanya kazi ya ruzuku hiyo. Nayo wilaya inayotumia dola 1,000,000 au zaidi za serikali kuu kwa mwaka lazima ikaguliwe kwa ukaguzi maalumu.

Katika kanuni zao ipo moja niliyoisoma mara mbili. Vifaa vya thamani kubwa vilivyonunuliwa kwa fedha za serikali kuu lazima vikahesabiwe mahali vilipo, walau mara moja kila miaka 2, na idadi hiyo ilinganishwe na daftari. Taifa lililopeleka watu mwezini limeona ni lazima liandike katika kanuni kwamba mtu ainuke akahesabu. Nikajua kwamba yule mama wa vitumbua hakuwa akinisumbua. Alikuwa akifanya kazi ambayo mimi nilikuwa nimeisainia.

Sisi nasi tunaye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye taarifa zake hufikishwa Bungeni kila mwaka, na kazi yake ni kubwa. Lakini hawezi kusimama mlangoni mwa kila darasa la tatu nchini. Anayeweza ni wewe, unayemvua mtoto sare jioni na kuliona vumbi.

Basi nakuomba, ndugu msomaji, mkutano ujao wa shule usiupuuze ati kwa kuwa siku hizi huchangii ada. Fedha ile ni kodi yako iliyorudi kwa mlango mwingine. Nenda ukaulize mambo manne, kwa adabu, bila kumtuhumu mtu. Zimeingia shilingi ngapi? Ziliingia lini? Zimenunua nini? Kitu hicho kiko wapi, tukakione? Mwalimu mwaminifu atakushukuru, kwa maana swali lako litamlinda asibebeshwe mzigo wa mwingine. Na hilo la nne usikubali lijibiwe kwa karatasi.

Nilimaliza muda wangu katika kamati ile, na sikutia tena saini nikiwa nimesimama langoni. Nilizoea kuingia darasani na chaki, nikahesabu kwa sauti, na kila dawati nikalitia alama pembeni. Watoto walipenda kuhesabu pamoja nami. Siku moja nilikosea, nikaruka kutoka 17 hadi 19, na darasa zima likanipigia kelele nirudi nyuma. Nilirudi, na dawati la 18 lilikuwapo.