St. Moritz: Kwenye theluji alikoshuka binti wa Kilifi

TRENI nyekundu inayotoka mji wa Chur, mashariki mwa Uswisi, huchukua takribani saa mbili kufika St. Moritz. Ni safari ambayo watoto hawasinzii. Reli hupanda milima kwa kujizungusha ndani ya mahandaki, na mahali paitwapo Landwasser treni hupita juu ya daraja la mawe lenye kimo cha mita 65, lililopinda kama mundu, kisha huzama moja kwa moja kwenye tundu la jabali. Wakati wa baridi kila kitu nje ya dirisha ni cheupe: mapaa, miti, nyua, hata nguzo za umeme.

Kituo cha mwisho ni mji mdogo kando ya ziwa. Uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi. Lakini Nairobi iko jirani na ikweta. Huku ziwa huganda barafu nene kiasi kwamba kila Februari farasi hushindanishwa juu yake, na mchezo huo umekuwepo tangu 1907.

Wenyeji husimulia kuwa mambo yote yalianza na ubishi. Mwaka 1864, mwenye hoteli aitwaye Johannes Badrutt aliwaambia wageni wake Waingereza, waliozoea kuja kiangazi tu, warudi wakati wa baridi. Wasipopata jua, angewalipia nauli. Walikuja, wakaota jua juu ya theluji, na inasemekana hawakuondoka hadi Pasaka. Tangu hapo mji umeandaa Olimpiki ya Majira ya Baridi mara mbili, 1928 na 1948.

Mashindano ya dunia ya ski za milimani nayo yalizaliwa Uswisi, katika kijiji cha Mürren mwaka 1931. St. Moritz iliyapokea 1934, 1974, 2003, na tena Februari 2017. Mara hiyo ya mwisho, miongoni mwa waliofika kushindana alikuwapo msichana wa miaka 18 aliyezaliwa Kilifi, akiiwakilisha Kenya. Jina lake Sabrina Simader.

Mlima wenyewe

Anayetaka kuona mbio hupanda juu ya mji, upande wa Corviglia. Chini ya mteremko, mahali paitwapo Salastrains, ndipo palipo na mstari wa kumalizia na ndipo watazamaji husimama. Jua huwaka, lakini theluji huurudisha mwanga wake usoni kama kioo. Mtoto asiye na miwani ya giza na mafuta ya kujikinga na jua huungua huku vidole vyake vimekufa ganzi kwa baridi.

Mbio ni za aina kadhaa. Slalomu ni ya kupinda: mshindani hupita kati ya vijiti vilivyokaribiana, kulia na kushoto, bila kuruka hata kimoja. Mbio za kushuka ndizo za kasi zaidi. Kwa wanaume, hapa huanzia mahali palipopewa jina la Anguko Huru. Mteremko umeinama nyuzi 45, na kwa sekunde sita hivi mtu hufikia kilomita 140 kwa saa. Hakuna barabara kuu nchini Kenya ambako gari linaruhusiwa kwenda kasi hiyo, na huyu hana gari. Ana mbao mbili miguuni, kofia ngumu na nguo nyepesi iliyombana.

Katikati yake kuna supa-ji, yenye kasi karibu na ile ya kushuka lakini yenye kona nyingi zaidi. Kwa mzazi anayetazama, hii ndiyo inayotia hofu, kwa sababu washindani hawaruhusiwi kuijaribu njia kabla ya mbio. Asubuhi huteremka polepole kandokando yake, wakiikariri kona kwa kona. Baadaye huonekana wamesimama huko juu, macho wameyafumba, viganja vikipinda hewani kama samaki, wakiipita njia nzima kichwani. Kisha huenda mara moja tu. Kwa dakika moja na nusu hivi, kazi ya miaka mingi imekwisha.

Anayeshuka wa mwisho

Jambo ambalo runinga haionyeshi vizuri ni zamu ya wale wa nyuma. Wenye pointi nyingi za msimu hushuka mapema, theluji ikiwa bado ngumu na laini kama sakafu. Kila anayepita huacha mfereji mdogo kwenye kona. Ifikapo zamu ya wale wenye namba kubwa kifuani, kona zimechimbika, mshindi ameshajulikana, na baadhi ya watazamaji wanatafuta chai ya moto. Hapo ndipo hushuka watoto wa nchi zisizo na theluji, kwenye njia mbovu kuliko ile ya bingwa.

Simader alifikaje huko? Alikuwa na miaka mitatu mama yake alipohama naye kutoka Pwani kwenda Austria. Baba yake wa kambo alikuwa akiendesha lifti ya kupandisha watu mlimani. Ndiye aliyemvalisha ski za kwanza, akiwa bado na miaka hiyo mitatu. Kwa mtoto aliyezaliwa kwenye joto la Kilifi, mlima uligeuka kuwa uwanja wa nyumbani.

Umri huo mdogo haushangazi huko. Mchezo huu hudai kuanza mapema, na hudai mfuko. Mtoto anayekua huhitaji viatu vipya kila mara, ski tofauti kwa mbio tofauti, na mtu wa kuamka alfajiri kumpeleka. Baba yule alikuwa na lifti na muda wa kumfundisha. Alifariki binti akiwa bado mdogo, hakumwona akiichezea Kenya.

Mwaka 1998, ule ule aliozaliwa Simader, Mkenya Philip Boit alishiriki Olimpiki ya Nagano, Japani, katika ski za masafa kwenye kilomita 10. Alimaliza wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari ili amkumbatie, na baadaye Boit akampa mwanawe jina la Daehlie. Miaka 20 baadaye, Pyeongchang, Korea Kusini, Simader akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya katika Olimpiki ya Majira ya Baridi.

Huko Pyeongchang, dhahabu ya supa-ji iliamuliwa kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Ester Ledecká wa Czech, ambaye hakuna aliyemtarajia, alifika chini akaukodolea macho ubao wa muda akidhani umekosea. Binti wa Kilifi alimaliza wa 38. Kwenye magazeti ya dunia nafasi hiyo haipewi mstari. Lakini alikuwa ameipita kila kona ya njia ile ile aliyopita bingwa, bila kuanguka, na baadhi ya waliotoka nchi zenye theluji hawakufika chini.

Mteremko wa watoto

Familia inayofika St. Moritz wakati hakuna mashindano haikosi cha kutazama. Mbali na miteremko mikali kuna ile ya wanaojifunza, karibu tambarare, ambako watoto wa miaka mitatu na minne huonekana wamejaa nguo hadi mikono haishuki. Wengi huanguka kila baada ya hatua chache. Wachache hulia, na theluji hukwama kwenye kope.

Mbele ya mtoto kwa kawaida yupo mtu mzima, anayerudi kinyumenyume, mgongo ukielekea bonde, mikono ameinyoosha bila kumgusa. Mtoto hujikusanya, huchuchumaa, huziachia ski zitambae. Mtu mzima hurudi hatua nyingine. Mtoto akianguka, humsubiri ainuke mwenyewe, halafu humpangusa theluji usoni, na wote wawili huanza tena kutoka pale pale alipoangukia.